Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na utamaduni Zanzibar: Mwacheni Mwajuma aingie kwenye mtihani

Waheshimiwa mnaosimamia mitaala, mitihani, maktaba na sanaa Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kutoka Wete, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Mimi si mwalimu, na kitabu sijawahi kuandika. Kazi yangu ni kupokea daftari, flashi na karatasi zilizokunjwa mara nne, kuzichapa, kuzitoa kopi, kuzibana pini na kuwarejeshea wenyewe. Lakini mtu anayechapa husoma, apende asipende, na katika kusoma huko nimeona jambo ambalo sidhani kama linafika mezani kwenu. Vijana wetu wanazipenda riwaya za Kizanzibari kuliko matokeo yao yanavyosema. Wanawapenda wahusika mpaka wanagombana juu yao. Wanawaandikia barua, wanawatafutia waume na wake wengine, wanawafufua waliokufa, wanawatetea waliosingiziwa. Na pale mapenzi hayo yanapoingia kwenye karatasi ya mtihani, yanakatwa kwa kalamu nyekundu.

Nakuombeni muyape pahala.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kazi ya msichana mmoja wa Kidato cha Sita aliyeniletea niichape upya kwa usafi. Darasani kwao walikuwa wakisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999 na ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaijua vizuri kwa sababu ya mtihani. Waliulizwa waeleze tabia za Yasmin. Wenzake wakapanga hoja, kwanza, pili, tatu. Yeye akaandika barua: Yasmin, akiwa ameshaolewa na Bukheti, anamwandikia Denge. Mwalimu alipiga mstari kutoka juu mpaka chini, akaandika "Haya hayamo kitabuni", na chini yake akaweka sifuri ya duara zuri kabisa. Skuli siitaji, na mwalimu mwenyewe ni mtu mwema anayesahihisha kwa mwongozo aliokabidhiwa. Ndiyo maana barua hii nimeileta kwenu, sikuipeleka kwake.

Kwa ambaye hajakisoma kitabu, au alikisoma zamani akasahau: tumo Zanzibar ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozeshwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anakimbia. Jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, huko Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Anampenda Denge, kijana anayeandamwa na polisi kwa siasa zake. Mambo yanakwenda yanavyokwenda, Denge analazimika kuondoka, na mwishoni Yasmin yuko kwa Bukheti. Wasomaji wengi, na mimi mmoja wao, tulikifunga kitabu hichi tukiwa na donge. Tulimtaka Denge. Bukheti wa watu hana kosa lolote, kosa lake ni kutokuwa Denge.

Sasa katika barua ya msichana yule mna maneno ambayo niliyachapa, nikasita, nikarudi nyuma kuyasoma tena: "Kwa Bwana Raza nilipelekwa. Wewe nilikufuata. Bukheti ndiye niliyemchagua."

Hebu yatazameni maneno hayo kama wasahihishaji. Hakubadilisha tukio hata moja. Hakumtoa Bukheti akamrejesha Denge, kama ambavyo wengi wetu tungefanya tukipewa kalamu. Alichofanya ni kuyapanga mahusiano matatu ya mwanamke mmoja kwa jicho la mwanamke mwenyewe, na mara ule mwisho tuliouona kuwa ni makombo ukawa ndio pahala pa kwanza Yasmin anapoamua jambo bila ya kusukumwa na wazee wala kuvutwa na mapenzi. Mtu anaweza kumpinga. Dukani alipingwa papo hapo. Mvulana mmoja aliyekuja kutoa kopi cheti cha kuzaliwa alisahau alichokuja kufanya, akashika upande wa Denge mpaka adhana ya Alasiri. Alidai kumfuata mtu kwa kumpenda ni kuchagua vile vile, tena kwa gharama kubwa zaidi. Msichana akamuuliza: "Na Denge, yeye alimchagua Yasmin au alichagua siasa?" Hapo nikazima mashine, maana nilikuwa naharibu karatasi.

Nawaulizeni: huo si uhakiki? Kama si uhakiki, tunafundisha nini?

Najua jibu la upande wa pili linavyokuwa kwa sababu ndilo ninaloliuza. Vile vijitabu vya uchambuzi, ambavyo wanafunzi wengine wanaviita nondo, ndivyo vinavyonilipia kodi ya duka. "Yasmin ni jasiri. Ana msimamo. Ana mapenzi ya dhati. Anafaa kuigwa na jamii." Mwanafunzi anavihifadhi usiku mmoja, anavimwaga asubuhi, anapata maksi zake, na riwaya yenyewe hajaifungua. Nimekuwa nikiwauliza wanaokuja kuvinunua, kwa utani tu, Bukheti ni nani. Kuna walionijibu kwamba ni mji.

Yule aliyepata sifuri kitabu amekisoma zaidi ya mara moja. Hakuna njia ya kuandika barua ya Yasmin bila ya kujua Yasmin aliambiwa nini, na nani, wakati gani, na alijibu nini au alinyamaza vipi.

Na hayuko peke yake. Kuna mvulana wa upande wa Konde aliyeniletea insha ndefu yenye dai moja tu: kwamba mhusika mkuu wa Vuta N'kuvute ni Mwajuma. Alizipitia kurasa zote ambazo nyumba ya Mwajuma inatajwa, akaandika pembeni nani kala, nani kalala, nani kajificha, nani kalipa. Hoja yake ni kuwa bila ya Mwajuma riwaya inakwisha pale Yasmin amesimama nje na pa kwenda hana. Yote tunayoyapenda baada ya hapo, mapenzi na siasa, yamewezekana kwa sababu mwanamke mmoja wa Ng'ambo alifungua mlango na hakuuliza maswali mengi. Lakini kwenye vijitabu Mwajuma ni "mhusika msaidizi", mistari minne, basi. Mvulana akamalizia kwa swali ambalo lilinikaa: kama msaidizi ndiye aliyembeba mkuu mgongoni, nani mkuu?

Mwengine alimshughulikia Koplo Matata, askari mweusi anayemtumikia Inspekta Wright katika kumsaka Denge. Alimwandikia shajara ya usiku mmoja. Koplo anarudi kwake, mkewe amempakulia wali na kuufunika kwa kawa, lakini hamsemeshi, kwa sababu mtaa mzima umeshajua mumewe mchana kutwa kamkimbiza nani. Hakuna utetezi wowote ndani yake. Koplo hakugeuka kuwa mtu mwema. Kilichobadilika ni kuwa sasa ana sufuria, ana mke, ana aibu.

Sisemi kila ninachochapa ni dhahabu. Kuna bwana mdogo mmoja aliyemsilimisha Inspekta Wright, akamwozesha Makunduchi na kumpa shamba la mikarafuu huko huko. Makunduchi, kwenye uwanda wa mawe! Na mwandishi mwenyewe ni Mpemba, amezaliwa baina ya mikarafuu. Wenzake walimcheka mpaka akaichukua karatasi yake akaondoka. Lakini tazameni walichomchekea. Hawakumcheka kwa kubuni. Walimcheka kwa kubuni kitu ambacho kitabu na kisiwa vyote viwili vinakikataa. Kumbe wana mizani, na wameijenga wenyewe bila ya mwongozo kutoka ofisini.

Pengine mtasema haya ni mambo ya kigeni, yameingia na simu. Hapana, waheshimiwa. Mnakijua kisa cha Sultani Darai? Edward Steere, mmishionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alikipata kwa wasimulizi wa hapa akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyengine za Kiswahili. Haamdani ni maskini anayechakura jaani. Anaokota thumni, anamnunua paa, na paa yule kwa akili zake anamtajirisha na kumwoza binti wa sultani, kwa kumtambulisha kuwa yeye ndiye Sultani Darai. Kisha paa anaugua, na Haamdani, aliyekula na kushiba kwa ajili yake, anaamuru apewe uji wa mtama. Paa anakufa kwa majonzi. Mwisho wake Haamdani anaamka na kujikuta jaani, anachakura kama mwanzo.

Bibi yangu alikuwa anakisimulia kisa hichi, na kwake yeye paa hakufa. Bibi alikataa katakata. Kwake, mke wa Haamdani alimtorosha paa usiku, akarudi naye kwa baba yake, na Haamdani alipoamka jaani alimsikia paa kwa mbali akicheka. Tulipomwambia kwamba kwa jirani paa anakufa, alijibu: "Huko kwa jirani hawana huruma." Kitabu cha Steere kimebaki na mwisho wake, na bibi alibaki na wake. Lakini mnaona bibi alimpa nani kazi? Mke, ambaye katika masimulizi yaliyochapwa anamhurumia paa lakini hamwokoi. Alimwokoa paa na papo hapo akamtoa mwanamke kwenye huruma akamtia kwenye uokozi. Alikuwa hajui kusoma herufi za Kizungu, na hakuna aliyempa maksi.

Au nendeni kwenye taarab yoyote ya harusi. Malenga alitunga wimbo akiwa na lake moyoni, huenda ni la miaka 30 iliyopita. Mwimbaji anafika kwenye ule ubeti. Bibi mmoja anasimama na noti mkononi, anakwenda kwa mwendo wa maringo, anamtunza mwimbaji kwenye mstari ule ule aliokuwa akiungojea, na uso ameuelekeza kwenye kona fulani ya ukumbi. Kuanzia hapo wimbo si wa malenga. Ni wa wake wenza wawili, mmoja amesimama na mwengine amekaa anajipepea, na kila aliyemo ukumbini anajua nani mwizi katika ubeti ule na nani aliyeibiwa. Siti binti Saad na waliomfuata walizijua nguvu hizi za msikilizaji. Sijasikia hata siku moja mtu akamwambia bibi aliyesimama: "Kaa chini, hayo hayamo kwenye wimbo."

(Na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili sizitaji sana, kwa sababu nikianza sitomaliza. Akina mama wanaosubiri kopi za vitambulisho hapa dukani wameshawatenganisha wanandoa wa Istanbul na kuwaozesha upya, kwa mahari waliyoyapanga wenyewe.)

Na kama mnapenda ushahidi wa mbali, upo, tena wa heshima zake. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, katika jarida la Strand, kwa kuwa alikuwa amemchoka. Wasomaji walikasirika, wakaandika barua, wengi wakaacha kulinunua jarida. Mwaka 1901 Doyle alianza kumrejesha katika kisa kilichowekwa kabla ya kifo hicho, na mwaka 1903 akakubali yaishe: Holmes hakufa, alijificha. Mwandishi mwenyewe akawa amebadilishiwa mwisho na wapenzi wa mhusika wake.

Kilichofuata ndicho kinachonihusu zaidi. Mwaka 1911 Ronald Knox wa Oxford, aliyekuja kuwa padri, alisoma makala akizichambua hadithi za Holmes kwa mbinu zile zile ambazo wanazuoni wa kwao walikuwa wakizitumia kwa maandiko matakatifu. Alikuwa anafanya utani, ila utani wenye adabu zake: unajifanya kuwa Holmes na swahiba wake Watson waliishi kweli, kisha huruhusiwi kusema lolote bila ya kuonyesha limetoka ukurasa gani. Sisi tuliopita chuoni kwa maalim tunaijua ladha ya kuulizwa nani kasema na kasikia kwa nani. Basi wapenzi wa Holmes wakaanza kuchimba. Daktari Watson katika kitabu cha kwanza, cha 1887, ana jeraha la risasi begani. Katika cha pili, cha 1890, jeraha limo mguuni. Jina lake ni John, lakini katika hadithi moja mkewe anamwita James. Doyle alikuwa ameteleza tu, mtu mwenye haraka ya kulipwa. Wasomaji hawakukubali jibu rahisi hivyo. Dorothy L. Sayers, naye bingwa wa riwaya za upelelezi, alipendekeza kuwa jina la kati la Watson, linaloanza na H, ni Hamish, ambalo ni James kwa Kiskoti. Mke ana haki ya kumwita mumewe kwa jina alipendalo. Kosa la mwandishi likageuka kuwa siri ndogo ya ndoa.

Mwaka 1934 kule New York wakaunda chama chao. Mwaka 1941 Rex Stout, mwandishi mkubwa wa upelelezi, aliwasimamia katika karamu yao akawasomea hoja kwamba Watson alikuwa mwanamke, tena mke wa Holmes, na ushahidi wote akautoa kwenye hadithi zenyewe. Alijibiwa kwa maandishi, kwa ushahidi wa humo humo. Binafsi sikubaliani na Stout, naona alikuwa anawachokoza wazee wenzake. Lakini kutoka hapo mpaka leo Holmes anasomwa, na hakuna aliyelazimishwa kumsoma kwa ajili ya mtihani.

Sasa tumtazame wetu. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, mhariri wa magazeti ya hapa Unguja, alishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Ndipo alipozaliwa Bwana Msa, na kiko chake, na swahiba wake Najum. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na vyengine. Mwandishi alifariki mwaka 1991. Hapa kwetu kuna mpelelezi kamili, mwenye swahiba, mwenye mji wake na vichochoro vyake, na hana chama hata cha watu watatu. Vijana ninaowauliza dukani wengi wamelisikia jina la Bwana Msa kwa babu zao; kitabu hawajakishika.

Mmoja aliyekishika ni kijana anayesomea ufundi wa umeme. Ana nadharia kwamba Najum si mzito kama tunavyomdhania. Anajifanya, ili Bwana Msa apate kueleza na sisi tupate kusikia, na kwamba rafiki anayekuuliza swali ambalo jibu lake analijua ni rafiki wa daraja ya juu. Alitaka kukipitia kila kitabu aione nadharia yake inasimama au inaanguka. Amepata kimoja, kimechanika jalada. Vilivyobaki aliniomba nimtolee kopi nzima nzima kama ningevipata. Nilimkatalia, maana kazi ya mtu ni mali yake na ya warithi wake. Nilimkatalia nikijua kuwa sina pa kumwelekeza akavisome.

Sasa ombi langu.

Najua mtihani wa Kidato cha Sita unatungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na haumo mikononi mwenu peke yenu. Lakini mitihani ya ndani ya skuli, ya majaribio, na ile ya Kidato cha Pili chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar, hiyo mnaifikia. Wekeni swali moja tu, la hiari, katika sehemu ya fasihi. Kwa mfano: "Mwandikie Yasmin barua ukiwa Mwajuma, baada ya Yasmin kuondoka." Maksi 20. Katika hizo, 10 ziwe za ushahidi: matukio, majina, pahala na wakati viwe vya riwayani. Tano ziwe za sauti, yaani aongee kama mwanamke wa Ng'ambo anayemjua Yasmin, asiongee kama kijitabu cha uchambuzi. Tano za lugha. Mwanafunzi akiandika jambo linalokwenda kinyume na kitabu, akamfanya Bukheti kuwa kaka yake Denge, akatwe bila huruma. Akiandika jambo ambalo kitabu kimelinyamazia na akaonyesha kwa nini linawezekana, apewe. Swali la namna hii hakuna nondo itakayolijibu. Biashara yangu itapungua, nimeshapiga hesabu, na bado naliomba.

Walimu watahitaji kuelekezwa. Semina ya siku moja itatosha kuanzia, muwape karatasi tatu za wanafunzi wazisahihishe pamoja na wabishane. Mtashangaa watakavyobishana.

Maktaba nazo. Vitabu vya Bwana Msa, vya Said Ahmed Mohamed, vya Mohamed Suleiman Mohamed na vya Adam Shafi vipatikane kila wilaya, nakala za kutosha watu 10 kusoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu akisoma peke yake hana wa kugombana naye, na ugomvi wa aina hii hauwi mpaka wote wawe wamekisoma.

Nakuja kwenye hofu, maana najua ipo na si ya kipuuzi. Ya kwanza ni adabu. Mtasema vijana wakiachiwa wahusika watawapeleka pabaya. Wapo watakaofanya hivyo, na kuna karatasi nilizozikataa hapa dukani nikamrejeshea mwenyewe bila ya kuzichapa. Ila riwaya zenyewe zimejaa mapenzi, usaliti, ulevi na ndoa zilizovunjika, nanyi ndio mlioona zinafaa kusomeshwa. Kijana anayeandika chini ya jicho la mwalimu anaweza kuelekezwa. Anayeandika kwa kujificha hamwelekezi mtu.

Ya pili ni hakimiliki, na hapa nataka msaada wenu hasa. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Ninachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, unaosema mwanafunzi anaweza kufanya nini na mhusika wa mtu darasani, lini inabidi amwombe mwandishi au warithi, na nini hakifai kabisa, kama kuuza au kuchapisha kwa jina lako. Inasimuliwa kuwa mwigizaji wa Kimarekani William Gillette, alipokuwa akiandaa mchezo wa jukwaani wa Holmes, alimuuliza Doyle kama anaweza kumwoza. Doyle akamjibu kuwa anaweza kumwoza, kumuua, au kumfanya apendavyo. Huyo alikuwa mwenye mali na aliamua hivyo. Mwandishi mwengine ana haki ya kukataa. Tatizo letu ni kuwa hakuna anayeuliza kwa sababu hakuna anayejua kuwa kuna kuuliza.

Kwa upande wa sanaa, tayari mmeonyeshwa njia. Amil Shivji aliichukua Vuta N'kuvute akaifanya filamu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Filamu haiwezi kubeba riwaya nzima. Lazima mtengenezaji achague nani abaki mbele, nani arudi nyuma, nini kisemwe kwa macho badala ya maneno. Alisoma kama mpenzi wa kitabu na akatoa Yasmin na Denge wake. Tulimpigia makofi, na alistahili. Msichana wa Wete amefanya kazi hiyo hiyo kwa kalamu ya wino na karatasi za mistari, na yeye tukampa duara. Kama ukumbi na jukwaa vipo kwa ajili ya filamu, basi tengeni jioni moja Chake Chake na moja Unguja, wanafunzi wasome walichowaandikia wahusika, na waandishi walio hai waalikwe kusikiliza na kupinga wakitaka.

Kazi nilizozitaja, za Yasmin, Mwajuma na Koplo Matata, ninazo kopi zake, na walioziandika wameniruhusu nizionyeshe bila ya majina yao. Mkituma mtu, nitampa kwenye bahasha pamoja na mfano wa mwongozo wa usahihishaji tulioujaribu kuuandika sisi wenyewe, mimi na wateja wangu wachache, kwa kubishana sana. Ningependa iwe kabla ya mitihani ya majaribio kutungwa. Na huo waraka wa hakimiliki mkiuandika, niletewe mmoja. Nitautoa kopi bure kwa kila skuli ya Wilaya ya Wete itakayomtuma mwanafunzi kuuchukua.

Wenu mtiifu,

Mwenye duka la kopi,
Wete, Pemba